Rufaa Dhidi ya Somo

Tabata Kimanga,
21 Aprili 1993

Kaka Nassibu,

Shikamoo. Sie huku tunakwenda na siku, tukiondoa mafua ya masika ambayo hayajaruka nyumba. Ukuta wa jikoni umebomoka tena upande unaopiga mvua, nimeegemeza bati na tofali mbili. Lulu kaanza kidato cha kwanza, sare imemzidi urefu hadi anaikanyaga. Idi iliyopita hukuleta kanzu ya mwanangu kama kawaida yako. Tukasema labda fundi kakuchelewesha, tukanyamaza. Wifi Salma msalimie.

Salamu ndizo hizo. Sasa nikueleze kwa nini naandika barua ilhali kutoka hapa hadi Tandika ni mabasi mawili tu.

Jana niliyapanda hayo mabasi mawili. Wifi akanipokea mlangoni, mlangoni hasa, hakunikaribisha ndani. Akasema, "Kaka yako katoka tangu asubuhi, wifi." Akawa anaangalia chini. Nami nikaangalia chini, nikayaona makubadhi yako, yale uliyoyafunga mwenyewe kwa kamba ya kijani. Mvua inanyesha, tope la Tandika unalijua, na wewe umetoka peku? Kisha nikasikia kikohozi chako chumbani. Nikaaga, nikarudi zangu nimelowa chapachapa.

Nilikuja kwa ajili ya karatasi aliyoniletea mwenyekiti wa Tufani juzi Jumatatu. Jumapili Tufani yetu imewafunga Nyuki wenu bao moja kwa bila, na anayeshinda ndiye anayepanda daraja la pili. Bao kalifunga mwanangu Nassibu. Sina haja ya kukusimulia lilivyoingia, ulikuwa umesimama nyuma ya goli na mwavuli. Kesho yake tu Nyuki mkakata rufaa. Nakunukulia maneno yenu: "Mchezaji anayejiita Nassibu Kombo amechezeshwa kwa jina la bandia. Cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja Mbwana Kombo. Tunaomba tupewe pointi, na mchezaji afungiwe." Chini pana sahihi, N. Mbwana, Katibu.

Kaka, hilo jina mnaloliita la bandia ni lako. Mwanangu analo kwa sababu ni wewe. Tangu anatambaa mnaitana somo, somo huku na somo kule, mpaka watu wa Tandika walidhani hana jina jingine. Leo somo anamshitaki somo wake kwamba jina si lake!

Mengi sitasema. Hukumu ya kamati ya ligi bado, na aliyekata rufaa anaweza kuiondoa. Iondoe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Nassibu

*

Tandika,
9 Mei 1993
Kumb. Na. NYT/RUF/93/07

Mdogo wangu Hamisa,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 21 Aprili imenifikia tarehe 6 Mei, ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu. Unajua barua zangu zinapitia sanduku la kiwanda, na kiwandani siku hizi kazi zimetuzidi, tunaingia shifti mbili, sipati hata dakika ya kupita masijala. Wifi yako mzima, anakusalimu. Mguu wangu wa kushoto unavuta wakati wa baridi. Pole kwa ukuta.

Kuhusu makubadhi: alikuja nayo shemeji yangu, anapenda kuvaa ya kwangu. Kuhusu kikohozi: nyumba hii ina watu wanane, na wote wana mafua ya masika.

Kuhusu rufaa, nakuomba utenganishe watu wawili. Kaka yako anakupenda. Katibu wa Nyuki ana kanuni. Kanuni inasema jina la kwenye kadi ya mchezaji liwe ndilo la kwenye cheti cha kuzaliwa. Sikuitunga mimi. Ingekuwa ni mtoto wa mtu mwingine ungesema Katibu kafanya kazi yake. Wewe ni mwalimu, mwanafunzi akiandika jina jingine kwenye karatasi ya mtihani unampa maksi?

Unauliza, bila kuuliza, cheti klabu imekipata wapi. Klabu ina njia zake. Nyuki haikuanza juzi kama hiyo Tufani yenu ya jezi za kuazima, ambayo hata nyavu za goli walikuja kuomba kwetu. Tulipokuwa tunacheza fainali, Tabata palikuwa mashamba.

Najua utaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa. Nami nakwambia mshindani halali hana majina mawili. Rufaa haiondolewi. Ni uamuzi wa kamati ya utendaji ya Nyuki, watu saba, mimi ni mmoja tu.

Msalimie Lulu. Mwambie apinde sare, asiikate, atarefuka.

Wako,
N. Mbwana
Katibu

*

Tabata Kimanga,
15 Mei 1993

Kaka,

Shikamoo, maana nimelelewa. Lulu kapinda sare. Nyumbani salama.

Mwenyekiti wa Tufani amenipa fotokopi ya hicho cheti ambacho klabu imekipata kwa "njia zake". Nimekiangalia chini ya dirisha. Kona ya juu kulia kina mishono saba. Mishono hiyo ni mkono wangu, kaka. Kilichanika tulipohama Buguruni, nikakishona kwa uzi mweusi kwa kuwa gundi sikuwa nayo, na marehemu baba akacheka akasema sijawahi kuona mtu anatia kiraka serikali. Akakitia kwenye kasha lake pamoja na hati ya kiwanja. Baba alipozikwa, kasha hilo ulilibeba wewe begani, ukasema mtoto wa kiume ndiye anayetunza makaratasi. Liko uvunguni mwa kitanda chako. Kwa hiyo njia za klabu zinapita chini ya godoro lako.

Nakukumbusha, maana naona umesahau kwa makusudi.

Mwanangu alizaliwa mwaka sabini na tano, wakamwandika hospitali jina la baba yetu, Mbwana. Miezi saba hakulala vizuri. Homa ikitoka inaingia degedege. Tukampeleka kwa madaktari, wakatoa sindano, wakachoka. Ndipo Mwalimu Fakihi wa chuoni akasema jina limemlemea, abadilishwe, na watoto wangapi pwani hii wamebadilishwa jina wakapona. Kombo mume wangu alikuwa safarini. Aliyembeba mtoto kwenda kwa Mwalimu Fakihi ulikuwa wewe, mvua ikinyesha, ukamfunika kwa shati lako ukabaki kifua wazi barabarani. Mwalimu akauliza jina gani jipya. Mimi nikasema, "Nassibu." Ukageuka ukutani ukalia, mtu mzima una ndevu. Mwaka mpya wa sabini na sita ulipoingia mtoto alikuwa amenenepa. Hatukurudi kubadilisha cheti. Nani pwani hii alikuwa anarudi? Shule aliandikishwa Nassibu, vyeti vyote vya shule ni Nassibu, mpaka wewe mwenyewe ulimwandikisha Nassibu katika watoto wa Nyuki alipokuwa anakaa kwako.

Kamati inakaa Jumamosi tarehe 12 Juni. Wamesema hawana shida, wanataka kiapo cha mahakama cha mtu mzima aliyeshuhudia jina likibadilishwa. Cha kwangu hawakitaki, mama haaminiwi kwa mwanawe. Mwalimu Fakihi amekufa. Kombo amekufa. Umebaki wewe peke yako.

Nakuambia na hili ambalo sikutaka kulisema. Kocha wa timu ya shirika moja kule Tanga alikuwepo siku ile ya mechi. Wanamtaka mwanangu mwezi wa saba, kucheza na kuajiriwa. Kazi, kaka, mwaka huu ambao watu wanatolewa makazini kama makapi. Akifungiwa, hawamchukui. Basi nenda mahakama ya mwanzo, uape ukweli tu, wala huhitaji kuongeza neno. Nyuki yako isimame inapotaka, lakini mtoto umtoe.

Mama Nassibu

*

Tandika,
28 Juni 1993
Kumb. Na. NYT/RUF/93/11

Mdogo wangu Hamisa,

Marahaba. Hapa ni wazima. Wifi yako alikwenda Mbagala kwenye arobaini ya shangazi yake, karudi jana. Baridi imeingia.

Nasikitika kukuarifu kwamba barua yako ya tarehe 15 Mei nimeipata tarehe 25 Juni, yaani siku kumi na tatu baada ya kikao. Posta zetu unazijua, na kazini ndiyo hivyo shifti hazijapungua. Ingenifikia mapema tungeangalia la kufanya. Sasa maji yamekwisha kumwagika.

Uamuzi umekwisha kuupata, lakini kwa kumbukumbu: Tufani imenyang'anywa pointi, Nyuki imepanda daraja la pili, mchezaji amefungiwa mwaka mmoja. Mwaka si mwingi. Ana miaka kumi na minane. Mimi katika umri wake nilivunjika mguu nikakaa miaka miwili bila kugusa mpira na sikufa.

Yaliyosemwa kikaoni ni ya kikao, wala siyatoi nje.

Kwa kuwa umeniandikia habari za mwaka sabini na tano, na mimi nikuandikie za mwaka jana. Kombo alipofariki mtoto alikaa kwangu miaka sita. Nani alimfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto? Nani alikuwa anamwamsha alfajiri kukimbia mpaka Mtoni na kurudi? Tulimkuza ili aje avae jezi ya njano na nyeusi. Akarudi kwako likizo, likizo haikuisha. Siku moja nasoma ubao wa matangazo naona jina langu kwenye orodha ya Tufani. Hakuja kuaga, wala wewe hukumwambia aje. Hivi nyie mlidhani Nyuki ni jaa la takataka, mtu anatupa na kuondoka?

Ukilia, kumbuka na hilo.

N. Mbwana
Katibu

*

Tabata Kimanga,
4 Julai 1993

Kaka,

Shikamoo sijui kama unaipokea. Nitakuambia kwa nini.

Ulisema ya kikaoni hayatoki nje. Ofisi ile haina vioo, kaka, ina nondo tu, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya dirisha na akina mama wawili wa Tufani. Mwanangu aliingia, akaja moja kwa moja ulipoketi, akainama. "Shikamoo, somo." Ukafunua makaratasi. Akadhani hukusikia, akarudia. "Shikamoo, somo." Ukafunua ukurasa wa pili. Mwenyekiti wa kamati akakuuliza, "Mzee Katibu, wewe huyu kijana unamjua?" Ukajibu, "Namuona uwanjani, kama watu wengine."

Mtoto alibaki ameinama pale. Sijui ni muda gani, mimi niliuona mwaka. Mmoja wa akina mama akanishika mkono nisiingie. Laiti asingenishika.

Sasa na la barua zilizochelewa. Wiki ile ya kikao, jibu lako halionekani, nilikuja kiwandani mwenyewe nikupe maneno mkononi. Mlinzi getini akaniuliza, "Mzee Nassibu yupi, yule wa ghala? Mbona kapunguzwa tangu Januari, dada?" Nikasema haiwezekani, anaingia shifti mbili. Akanionea huruma akanipeleka masijala kwa karani wao, Ansbert. Mtu mpole. Akasema barua zako zinakuja bado, na unazifuata kila wiki siku ya Alhamisi, umevaa vizuri, unaulizia hali ya watu kisha unaondoka. Akafungua kitabu cha kusainia barua. Barua yangu ya kwanza umesaini tarehe 29 Aprili. Ya pili umesaini tarehe 20 Mei. Wiki tatu nzima ulikuwa nayo mfukoni kabla ya kikao. Sahihi naijua, ile N yenye mkia, ndiyo hiyo hiyo uliyotia chini ya rufaa.

Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia kwenye meza ya Ansbert.

Kupunguzwa kazi si aibu. Nusu ya mtaa huu wamepunguzwa, wanauza mitumba na maandazi, na bado wanaitikia salamu. Ungesema Januari ningekuja na unga nikakaa na wifi jikoni tukazungumza. Umenificha kazi iliyokufa, nami sikukulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa sababu uliweza kumwokoa mtoto kwa kusema kweli ukakaa nayo mfukoni.

Kuaga ulisema hakuja. Kweli hakuja, na lile lilikuwa kosa lake na langu. Tungekuja na kilemba chako ungetutoza faini tungelipa. Kosa la kutoaga linalipwa hivyo kwa mwaka mzima wa maisha ya mtu?

Tanga wamepeleka ujumbe. Wamechukua kijana mwingine.

Hamisa

*

Tandika,
19 Septemba 1993

Hamisa,

Barua hii haina kumbukumbu namba. Utaelewa mbele.

Nimekaa na barua yako miezi miwili na nusu. Ya safari hii sikuisaini masijala. Ansbert kaniletea nyumbani mwenyewe, akakaa, akanywa chai, hakutaja kitu. Wifi yako hasemi na mimi vizuri tangu Juni. Ananipa chakula na kuondoka.

Nisikilize mpaka mwisho ndipo utukane.

Januari walitusomea majina uwanjani pale kiwandani, watu mia na arobaini. Mimi nilikuwa wa sitini na mbili. Nimefanya kazi ghala lile miaka ishirini na mmoja. Nikarudi nyumbani nikasema kesho naingia shifti ya asubuhi, na kesho yake nikatoka na bakuli langu la chakula, nikaenda kukaa klabuni. Wifi yako alijua mwezi wa tatu. Kanzu ya Idi ndiyo sababu. Nilikuwa sina ya kumpa fundi, na kusema sina nikashindwa.

Pale klabuni, Hamisa, nilikuwa bado mtu. Nikifika wanasema Katibu kaja, mpeni kiti. Ufunguo wa ofisi ninao mimi, muhuri ninao mimi. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki.

Jumapili ile tulipofungwa, jioni yake pale tawini, kijana mmoja akasimama juu ya benchi akasema, "Mechi hii imeuzwa, na muuzaji tunaye humu. Aliyefunga ni mwana wa dada yake, tena kampa na jina!" Watu wakaitikia. Watu niliowaandikia barua za msiba wao, barua za kuomba kazi, wakaitikia. Akaninyang'anya ufunguo mkononi. Nikasema, basi nipeni mpaka kesho, mtaona kama Katibu wa Nyuki anauza mechi. Nikaenda nyumbani nikafungua kasha la baba.

Kikaoni watu wanne wa tawini walikuwa wamekaa nyuma yangu, wananihesabia pumzi. Ningeitikia ile shikamoo wangesema mnaona. Nilimsikia. Mara zote mbili nilimsikia.

Sasa furahi. Nyuki tulipopanda daraja tumepata mfadhili, mwenye maduka ya vipuri, na mfadhili kaja na katibu wake, ana mashine ya chapa na viatu vya kumeta. Agosti wameniondoa kwa kura za mikono. Yule kijana wa kwenye benchi ndiye aliyehesabu mikono. Wamenishukuru kwa huduma yangu ya muda mrefu, wakachukua muhuri.

Katika bahasha hii kuna kiapo. Nimeapa mahakama ya mwanzo Ijumaa, kimegongwa muhuri, kila kitu kimo: Buguruni, Mwalimu Fakihi, shati. Nimeuliza, wameniambia kwa kiapo hiki msimu ujao anaweza kusajiliwa kwa jina la Nassibu bila mtu kumgusa.

Na kuna kanzu. Nimeuza redio, usinisaili. Nimeshona kwa kukisia, maana sijui mabega yake yamefika wapi.

Sisemi kwamba kanuni haikuwa kanuni. Jina halikuwa kwenye cheti, hilo ni kweli mpaka kiama. Lakini mwambie somo aje, japo siku moja. Nitakuwepo. Mwambie nitakuwepo.

Kaka yako,
Nassibu

*

Tabata Kimanga,
3 Oktoba 1993

Kaka,

Shikamoo. Wifi Salma tumekutana kwenye Maulidi ya Buguruni kabla barua yako haijafika, tumekumbatiana, na kwake sina kinyongo. Ukuta wa jikoni nimeujenga kwa tofali. Lulu hajambo. Pole kwa kazi, na pole hii ni ya kweli, ingawa imechelewa na kuchelewa huko si kwangu.

Barua yako nilimsomea mwanangu yote, sikuruka neno. Alikuwa karudi gereji, maana siku hizi anafungua matairi pale Relini, mikono myeusi. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye shati na mvua alitoka nje akanawa, akarudi akasema, "Endelea, mama."

Kanzu aliivaa. Mabega ulikisia sawasawa, kaka, hata fundi aliyempima asingefanya hivyo, na nikalia kwa sababu hiyo. Alijitazama kwenye kioo cha Lulu. Kisha akaivua, akaikunja mwenyewe, akafuatisha mikunjo yako.

Kiapo tulikipeleka kamati. Wamekipokea. Wamesema kama ulivyosema, kwa kiapo hicho msimu ujao achague, Nassibu akitaka, au jina la cheti. Karani akashika kalamu akamuuliza, "Tuandike lipi?"

Nilijua atasema lipi. Miaka kumi na saba hilo ndilo analoitwa, ndilo nililomwitia alipopata degedege na alipofunga bao. Akasema, "Andika Mbwana."

Karani akamwangalia, akamwambia si lazima, kiapo kipo. Akasema, "Nimekielewa kiapo. Andika Mbwana Kombo."

Njiani nikamuuliza kama ni hasira, maana hasira hupita na jina hubaki. Akanijibu, "Sina hasira, mama. Mie mjomba nilimwamkia mara mbili kwa jina la somo, akasema ananiona uwanjani tu. Basi na awe hivyo. Somo hawi mtu mmoja, lazima muwe wawili. Mie nitamwita mjomba, na akinikuta njiani nitamwamkia. Lakini jina lake sitaki tena kutembea nalo."

Unajua ninavyoliogopa lile jina la baba. Siku ya kwanza nilipomwita Mbwana ulimi ulikuwa mzito kama nimemeza ganda la limau. Akaitika. Nikamshika paji la uso kama ana homa, mtu mzima ana ndevu, akacheka akauondoa mkono wangu. Hana homa. Sasa ni siku ya tano, anakula, analala. Labda jina halikuwa limemlemea, labda lilikuwa linasubiri akue.

Umeandika sisemi kanuni haikuwa kanuni. Sawa, kanuni umeshinda. Ulitaka kamati iseme kwamba huyu si Nassibu. Kamati imesema, na mwenyewe amekubali.

Barua hii sipeleki posta, ikakae masijala ikisubiri Alhamisi. Naja nayo mwenyewe leo alasiri, pamoja na kanzu. Nitaviweka mlangoni, juu ya makubadhi yako, wala sitabisha hodi. Wifi asipate taabu ya kusema umetoka.

Na jina lako pia nakurudishia, kaka. Limevaliwa miaka kumi na saba, halina doa hata moja.

Mimi,
Mama Mbwana